Barua kwa mwanangu: Ile baiskeli

Mwanangu mpendwa,

Shalom. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza: ukisimama kwa Amida, sala yetu kuu ya kusimama, asubuhi huko Yerusalemu, midomo ikamaliza baraka zote 19 na moyo bado umelala, je, umesali, au urudie? Walimu wa kukujibu hilo wamejaa mtaani kwenu. Mimi hebu nikuongelee baiskeli.

Ulikuwa na miaka saba nilipokuahidi baiskeli ukizijua herufi 22 za Kiebrania. Ulizijua kwa wiki mbili, ukaipanda, na kitabu hukukigusa tena mpaka mvua zikaisha. Mama yako akaniambia, "Umemnunua mtoto, hukumfundisha." Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Lakini nilikuwa na sababu. Babu yako hakunilazimisha hata siku moja. Miaka ile Idi Amin alipoipiga marufuku dini yetu ya Kiyahudi hapa Uganda, kitabu cha sala kilikaa ndani ya chungu, nafaka ya wimbi juu yake. Ijumaa jioni tulifunga madirisha tukasali kwa kunong'ona. Hakuna aliyeniambia nitie moyo katika sala. Moyo wenyewe ulikuwa kooni. Usiku wa kwanza wa Pasaka mwaka 1979 uliangukia tarehe 11 Aprili, siku ile ile Kampala ilipotekwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikauliza lile swali ambalo mtoto huuliza mezani usiku wa Pasaka yetu, kwa kunong'ona, kama kila mwaka: kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine? Babu akaitazama redio, akanitazama mimi, akasema, "Uliza tena. Kwa sauti." Mbale kwetu askari wa Amin walikuwa bado hawajaondoka, kwa hiyo sauti yenyewe ilikuwa ya kusikika mezani tu. Kwangu ilikuwa ngurumo. Shangazi yako alidondosha kikombe.

Sasa ungedhani mtoto huyo hatabanduka kwenye kitabu. Thubutu! Askari wa Tanzania walipofika, Sabato yetu ya kwanza ya milango wazi, babu alikitoa kitabu kwenye chungu, akakipangusa, akaniangalia. Mimi nikakimbilia barabarani kuona malori yao na kusikia Kiswahili chao. Hakuniita. Sabato iliyofuata vivyo hivyo. Nilipokuja kurudi, karibu na kumuoa mama yako, macho ya babu yalikuwa hayawezi tena kufuata mstari. Aliyekimbia ni mimi, najua. Ila kinachoniuma ni kwamba hakuniita.

Mnalijua neno langu, mlishanichoka nalo mezani: mtu hujifunza Tora pale tu moyo wake unapotaka. Si langu, ni la Rabi Yehuda Hanasi, mwalimu wetu wa kale aliyeitwa Rabi tu, kwenye Avoda Zara, sehemu ya Talmudi, mijadala ya walimu wetu wa kale. Wanafunzi wake wawili walikuwa wamemaliza kitabu. Levi akataka wasome Mithali, Shimoni mwana wa Rabi akataka Zaburi, na Shimoni akashinda. Walipofika penye "sheria ya Bwana ndiyo impendezayo," Rabi akasema neno hilo. Levi akajibu papo hapo: basi, Rabi, umeturuhusu tuinuke! Huyo Levi nampenda. Ni mimi pale barabarani.

Lakini Talmudi hiyo hiyo, kwenye sehemu ya Pesahimu, inasema mtu ajishughulishe na Tora hata kama si kwa ajili ya Tora yenyewe, maana kutoka hapo atafika kuisoma kwa ajili yake yenyewe. Hiyo ndiyo baiskeli. Basi babu alikosea? Hapana. Angeniita kwa nguvu, labda ningekichukia kitabu moja kwa moja. Au labda nisingekichukia. Na wewe uko Yerusalemu leo kwa ajili ya magurudumu mawili au licha ya hayo? Nusura niandike jibu hapa, nimelifuta, maana moyo wa mwingine hausomeki kwa nje. Hana aliomba midomo ikicheza bila sauti, na Eli, kuhani mzima, aliyekuwa akimtazama, akadhani amelewa.

Kuhusu kurudia: Maimonides, mwanasheria wetu mkubwa wa zama za kati, ni mkali, sala isiyo na moyo kwake si sala. Waliofuata walilegeza, angalau kwenye baraka ya kwanza moyo uwepo. Na Moses Isserles, rabi wa Krakow, akasema siku hizi hata kwa hilo haturudii, maana nani ameahidi kwamba ya pili itakuwa bora? Muulize rabi wako. Mimi leo asubuhi nilifika baraka ya pili nikiwaza betri ya pikipiki.

Baiskeli bado ipo. Mtoto wa dada yako ndiye anayeiendesha sasa. Kengele ilishakatika, nami nimemwahidi mpya akifika herufi ya lamedi. Usimwambie mama yako.

Baba yako