Nilimeza kila kidonge cha lishe, nikakosa kile kimoja nilichokihitaji

Nilipoanza dozi ya TB, kila aliyeona nilivyokonda alikuja na chupa mkononi. Multivitamini, vidonge vya madini ya chuma, unga wa protini, dawa ya kuongeza hamu ya kula. Waliniletea kwa upendo, nami nikawa nazimeza zote asubuhi kwa mkupuo mmoja pamoja na dawa zenyewe.

Wiki ya sita nyayo zilianza kuwaka moto usiku, vidole vya miguu vikafa ganzi. Muuguzi aliniambia nimletee chupa zote. Akazisoma moja moja, kisha akaniuliza: "B6 yako iko wapi?" Kwenye multivitamini ilikuwemo, miligramu 2 tu.

Isoniazidi, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, huupunguzia mwili vitamini B6, na mishipa ya fahamu haiwezi kukaa bila hiyo. Kinga ya kawaida ni miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Kama una mimba au unanyonyesha, una VVU, kisukari au ugonjwa wa figo, unakunywa pombe sana, au umeanza dozi ukiwa umekonda kama mimi, uliza habari ya B6 siku ileile unayopewa dawa. Usijinunulie vidonge vya dozi kubwa: B6 ikizidi kwa muda mrefu huiharibu mishipa hiyohiyo. Mimi nilipewa dozi ya matibabu kwa maelekezo, na ganzi ilichukua wiki kadhaa kuondoka.

Jambo la pili ni saa. Rifampisini, nayo mojawapo ya dawa hizo nne, huingia vizuri mwilini tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. (Kama kichefuchefu kinakushinda, mwambie mhudumu, kumeza na chakula kidogo ni bora kuliko kuacha.) Dawa za kiungulia zenye alumini huzuia isoniazidi. Wenye TB sugu wanaotumia levofloksasini au moksifloksasini wawe makini zaidi, kwa sababu chuma, kalsiamu na zinki huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Nyongeza hizo zimezwe saa nyingine kabisa.

Lakini kilichonirudishia mwili ni chakula. Katika utafiti uliofanyika Jharkhand, India, na kuchapishwa mwaka 2023, wagonjwa walipewa vyakula vya kila mwezi, nafaka, kunde, maziwa ya unga na mafuta, pamoja na multivitamini. Walioongeza uzito kwa asilimia 5 ndani ya miezi miwili walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa, pungufu kwa asilimia 61. Na familia zilizopewa chakula ziliugua TB kidogo kuliko zile ambazo hazikupewa. Kwa hiyo fedha ya chupa ya tatu ya vidonge, inunulie mayai, maharage, karanga au maziwa, na wa nyumbani kwako nao wale.

Hamu ilikuwa haipo, nikala kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na kupanda mizani kila wiki. Idadi ya vidonge vya TB hupangwa kwa uzito, ndiyo maana kilo zako zinapobadilika lazima kliniki wajue. Nilianza na kilo 52 na vidonge vitatu. Mwezi wa tatu mizani ilisoma 55, muuguzi akaniongezea cha nne.