MUULIZE FUNDI: Ukuta usio na chokaa, mundu wa Wadakia na daraja la Trajan

Mwezi huu barua tatu zimenifika zikihusu watu walewale, Wadakia. Mbili najibu kwa kifupi. Ya kwanza imenigusa penyewe, kwa hiyo mtanivumilia.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Kalenga, naendesha bajaji hapa Tandika. Kijana wangu kanionyesha picha ya mnara wa mawe ulioko Roma, umechongwa askari kuuzunguka kuanzia chini hadi juu. Akasema ni vita vya Warumi na Wadakia, na kwamba mfalme wao alijiua kama Mkwawa wetu. Swali langu: watu waliokuwa na milima na ngome za mawe, walishindwaje?* – Msomaji, Tandika

Marahaba, mwanangu. Kijana wako kasema kweli, tena mpe soda kwa niaba yangu.

Wadakia walikaa kaskazini ya mto Danube, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Romania. Milima yao, Carpathia, imejipinda kama upinde, imejaa misitu na mabonde membamba. Wewe wa Iringa umeshapanda Kitonga ndani ya basi, dirishani, ukitazama bonde huku unasoma dua. Sasa ondoa lami, ongeza theluji, kisha weka juu watu wanaokusubiri na magogo. Hapo ndipo askari wa Kirumi alipotakiwa kupita.

Makao yao makuu, Sarmizegetusa, yalikuwa mlimani kwenye mwinuko wa mita 1,000 hadi 1,200. Mlima waliuchonga ngazi ngazi, kama mashamba ya Uluguru, ila wao juu ya kila ngazi waliweka nyumba za mbao, maghala ya nafaka, karakana za wahunzi na mahali pa ibada. Maji waliyaleta kwa mabomba ya udongo wa kuchoma. Limepatikana hata pipa la mbao la kutulizia tope, ili maji yashuke mjini yakiwa safi. Miaka karibu elfu mbili iliyopita! Mimi hapa Kimara wiki iliyopita nimeoga kwa ndoo siku nne.

Ngome ndogo zililinda njia za kupandia: Costești, Blidaru, Piatra Roșie na nyingine. Nyingi zilijengwa kwa ukuta wa aina moja, ambao Warumi wenyewe walikuwa hawaujengi. Ni kuta mbili za mawe ya kuchonga, moja mbele moja nyuma, katikati kifusi na udongo, unene wote kama mita tatu. Chokaa hakuna, saruji hakuna. Kilichoshika ni mbao. Juu ya jiwe walichonga mfereji, mpana kwa mbele, mwembamba kwa ndani. Boriti ikalazwa humo, kichwa chake kikatoshea sawasawa, nayo ikavuka kifusi hadi ukuta wa pili. Kifusi kikitaka kulisukuma jiwe nje, jiwe linajikaza lenyewe kwenye boriti. Mbao zilishaoza zamani, lakini mifereji ile bado inaonekana kwenye mawe.

Ngoja nikwambie kwa nini ukuta huu siuachi. Mwaka 1987 nilijenga ukuta wa kuzuia udongo kwa bwana mmoja huku kwetu, urefu wa mtu na nusu. Kazi nzuri, timazi imekaa, mwenyewe najipiga kifua. Sikuufunga kwa nyuma, wala sikuacha matundu ya kutolea maji. Masika ya kwanza ukafanya tumbo. Ya pili ukalala wote juu ya banda la kuku. Yule bwana hakunidai hela. Alinidai kuku kumi na saba, mmoja mmoja, kwa majina ya rangi zao. Nilipokuja kuona mchoro wa ukuta wa Wadakia nilijisemea, hawa wangeniokoa.

Sasa walishindwaje? Kwanza tambua kwamba hawakushindwa mapema. Mwaka 85 au 86 baada ya Kristo walivuka Danube wakamuua gavana wa Kirumi, Oppius Sabinus. Mfalme mkuu wa Roma, Domitian, akamtuma Cornelius Fuscus na jeshi kulipa kisasi. Fuscus akafia hukohuko, na bendera na mitambo yake vikabaki mlimani. Wewe wa Kalenga hapo umeshamkumbuka Zelewski, kamanda Mjerumani aliyeuawa na Wahehe kule Lugalo, 1891. Mwaka 88 Warumi walishinda pale Tapae, mwaka uliofuata wakapatana na Decebalus, mfalme wa Wadakia. Masharti ya mapatano hayo ndiyo yanayonifurahisha: Roma ilimpa Decebalus fedha, tena ikampa mafundi. Kweli, mafundi wa ujenzi na wa mitambo ya vita.

Trajan alipotawala Roma, hesabu hiyo ilimkera. Aliingia vitani 101. Wadakia walikuwa na silaha moja mbaya, upanga uliopinda ambao Warumi waliuita falx, kwa Kiswahili mundu tu, makali kwa ndani, wengine waliushika kwa mikono miwili. Ulikuwa unapasua kofia ya chuma na kukata mkono unaojitokeza nje ya ngao. Warumi ikabidi waongeze vyuma vya msalaba juu ya kofia, na wengine wakavaa mikono ya chuma. Jeshi lile lilikuwa linajivunia zana zake kuliko yeyote, na hapo limerudi kwa mhunzi kwa sababu ya mundu. Askari wenye mikono hiyo wamechongwa kwenye mnara wa ushindi wa Adamclisi, wa mwaka 109.

Lakini mundu haujengi barabara. Tazama vizuri ile picha ya kijana wako, Nguzo ya Trajan, iliyozinduliwa mwaka 113. Ina watu zaidi ya 2,500, na wengi wao hawapigani. Wanakata miti, wanabeba udongo, wanapanga mawe, wanasimamisha kambi. Trajan aliumeza ule msitu kwa shoka. Kila alipofika alijenga, akaacha ngome nyuma, akasogea tena. Mwaka 102 alipoteka ngome za mlimani alizikuta humo bendera na mitambo iliyopotea kwa Fuscus. Decebalus akaomba amani. Safari hii masharti yaligeuzwa: arudishe silaha, arudishe wale mafundi, abomoe kuta zake.

Hakufanya. Alizikarabati. Ndipo Trajan akamwita Apollodorus wa Damascus, fundi wa mafundi, akajenga daraja juu ya Danube kati ya mwaka 103 na 105. Nguzo 20 ndani ya maji yanayokwenda kasi, matao ya mbao juu, urefu karibu mita 1,135. Daraja letu la Kigamboni lina mita 680, nalo tulilisubiri miaka mingapi? Mabaki ya nguzo za kandoni yapo hadi leo, upande wa Romania na upande wa Serbia. Kwa maoni yangu, siku daraja lile lilipokamilika vita vilikuwa vimekwisha, yaliyobaki yalikuwa mwendo tu. Mto uliokuwa ngao ya Wadakia ukawa njia ya mikokoteni ya chakula, kiangazi na kipupwe.

Sarmizegetusa ilianguka mwaka 106. Kwenye Nguzo ya Trajan kuna sehemu ambapo Wadakia wamekusanyika kuchota kitu kutoka kwenye chungu kikubwa. Wasomi wanabishana hadi leo kama ni sumu wanagawana au ni maji ya mwisho. Mimi niliyeoga kwa ndoo siku nne naelemea maji. Decebalus alikimbia na wachache, farasi wa Kirumi wakamfikia. Amechongwa chini ya mti, amepiga goti, kisu shingoni, na mpanda farasi anamnyooshea mkono. Mpanda farasi huyo tunamjua jina, Tiberius Claudius Maximus, kwa sababu jiwe la kaburi lake lilipatikana Ugiriki mwaka 1965, na humo anajisifu kwamba ndiye aliyepeleka kichwa kwa Trajan. Kichwa kikapelekwa Roma.

Cha Mkwawa kilirudi Kalenga 1954, nawe umekiona. Cha Decebalus hakikurudi.

*Mwalimu wetu alisema Wadakia walimalizwa wote. Kama ni hivyo, mbona Waromania wanajiita wajukuu zao, na lugha yao inafanana na Kiitaliano?* – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mbagala

Walichinjwa wengi, wakauzwa utumwani wengi, lakini hawakwisha. Roma ilileta walowezi kutoka kila pembe ya dola, ikajenga mji mpya kwenye tambarare, kama kilomita 40 kutoka ule wa mlimani, na kwa ujeuri ikaupa jina lilelile la Sarmizegetusa. Walowezi, askari wastaafu na wenyeji wakawa wanaelewana kwa Kilatini, kama watu wa makabila mia walivyokuja Kariakoo wakaelewana kwa Kiswahili. Roma iliondoka huko kati ya 271 na 275. Lugha ikabaki, ndiyo Kiromania. Maneno machache yanadhaniwa ni ya Wadakia wenyewe, mfano *mazăre*, yaani njegere, kwa sababu Kialbania, ambacho hakikutokana na Kilatini, nacho kina ndugu wa neno hilo. Usimbishie mwalimu darasani. Mfuate baadaye, kwa adabu.

*Fundi, ni kweli mfalme wa hao watu alificha dhahabu chini ya mto? Nina jamaa Tanga ana ramani ya mali za Mjerumani.* – Jina limehifadhiwa, Kariakoo

Mwanahistoria Cassius Dio anaandika hivyo. Decebalus aliwatumia mateka kuugeuza mto Sargetia, akachimba shimo katikati ya mkondo, akafukia dhahabu na fedha, akarudisha maji juu yake. Mateka wakauawa wasiseme. Rafiki yake aitwaye Bicilis akakamatwa, akasema yeye. Kwa hiyo shimo hilo lilishafukuliwa na Trajan miaka zaidi ya 1,900 iliyopita.

Iko dhahabu nyingine. Karibu na Sarmizegetusa wezi wenye mashine za kutafutia chuma walichimbua bangili za dhahabu zilizosokotwa kama nyoka, kila moja karibu kilo nzima, wakaziuza nje. Serikali ya Romania imekuwa ikizirudisha moja moja, na wachimbaji kadhaa wamefungwa. Ramani ya jamaa yako wa Tanga mwachie mwenyewe. Na tafadhali usiniandikie tena kuuliza bei ya mashine, mimi nilikuwa najenga kuta.

Maswali ya mwezi ujao niletewe kabla ya tarehe 15. Ya masinki yanayovuja mpeleke kwa fundi bomba.