Uzamili wa sera za umma na uandishi wa habari: anzia kwenye vitabu vya bajeti

Mkuu, umeuliza kama uzamili wa sera za umma utamsaidia mtu anayetaka kuwa mwandishi wa habari hapa Tanzania, au atapoteza miaka miwili bure. Utamsaidia sana, lakini faida kubwa haimo kwenye nadharia. Imo kwenye kuzoea kusoma nyaraka nene ambazo vyumba vya habari havipati muda wa kuzimaliza.

Anza na bajeti. Vitabu vya makadirio ni vinne: mapato, matumizi ya wizara, matumizi ya mikoa, na miradi ya maendeleo. Kila taasisi ina fungu lake, yaani namba yake ya bajeti. Elimu ni 46, Afya 52, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) 56. Ukiandika "bajeti ya afya" kwa kusoma fungu 52 peke yake, umeziacha zahanati na vituo vya afya, kwa sababu hivyo viko chini ya halmashauri. Kosa kubwa zaidi ni kuichukulia fedha iliyoidhinishwa na Bunge kana kwamba imeshatumika. Kwa kila mradi tafuta tarakimu tatu: iliyoidhinishwa, iliyotolewa na Hazina, iliyotumika. Mara nyingi habari imejificha kati ya ya kwanza na ya pili. Utazipata kwenye hotuba za mawaziri na taarifa za kamati za Bunge, na hapo angalia hesabu imeishia mwezi gani. Fedha iliyopokelewa hadi Machi haiwezi kulinganishwa na bajeti ya miezi 12 bila kusema hivyo.

Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, lakini inazungumzia mwaka wa fedha ulioisha Juni 30 iliyotangulia. Usiandike "mwaka huu". Na hati inayoridhisha, yaani maoni mazuri ya mkaguzi kuhusu hesabu, si cheti cha usafi: inasema hesabu zimeandaliwa ipasavyo, na halmashauri yenye hati hiyo inaweza kuwa na hoja nzito za ukaguzi.

Kumbuka mjadala wa Sh1.5 trilioni wa Aprili 2018. Ripoti ya mwaka 2016/17 ilionyesha makusanyo ya Sh25.3 trilioni na matumizi ya Sh23.79 trilioni. Tofauti hiyo ilikuwa swali halali kabisa, na Serikali ilipaswa kulijibu. Lakini kuiita wizi kunahitaji ushahidi mwingine, kwa kuwa kwenye mfumo wa hesabu unaotumiwa na Serikali mapato yanaweza kuandikwa kabla fedha taslimu haijaingia. Hapa ndipo mtu wa sera anapomzidi mwenzake: anajua aulize nini kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Kama nyaraka haipo mtandaoni, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina hadi siku 30 kukujibu, kwa hiyo barua iende mapema. Taja nyaraka kwa jina na mwaka. Ukiomba "taarifa kuhusu maji" utajibiwa kwa maneno ya jumla.

Sasa jambo linalowaharibia wengi: mahojiano ya tasnifu. Aliyekubali kuhojiwa kwa utafiti kwa ahadi ya kutotajwa jina hajakubali kutokea gazetini. Barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa nayo inakutambulisha kama mtafiti tu. Ukitaka habari, rudi kwa uliyemhoji, jitambulishe upya kama mwandishi, omba ridhaa upya. Ukiruka hatua hii utamuumiza mtumishi aliyekuamini.

Kalamu nayo inahitaji kunolewa. Tasnifu huweka matokeo sura ya nne. Habari huyaweka sentensi ya kwanza. Chukua sura hiyo, iandike kwa maneno 600, kisha 150, ukianza na nani ameathirika na kwa kiasi gani.

Mwisho, ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe nayo, na kanuni za 2017 ziliweka stashahada ya uandishi wa habari au fani inayoendana nayo kuwa kiwango cha chini. Ulizia Bodi ya Ithibati mapema kama vyeti ulivyonavyo vinakubalika, ili kama itabidi usome stashahada uipange sambamba na tasnifu.