Jibu: eksirei kila nikibadilisha mkandarasi, je, mionzi inanidhuru?

Ndugu, umeuliza kama eksirei ya kifua na ya mgongo unayopigwa kila unapoanza mkataba mpya inaweza kukudhuru. Picha moja ya kifua ni kiasi kidogo sana, takriban milisiveti (kizio cha kupimia mionzi inayopokewa na mwili) 0.02 hadi 0.1, wakati mionzi ya asili pekee hutupatia wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa hiyo ya kifua isikunyime usingizi.

Inayonikera mimi ni ya mgongo. Kiuno kikipigwa picha kadhaa, kipimo hufika karibu milisiveti 1.5, na CT, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga picha nyingi za vipande vya mwili, huzidi hapo mara nyingi. Isitoshe, picha ya kiuno cha mtu asiye na maumivu haitabiri nani ataumia mgongo kazini. Unabebeshwa mionzi bila faida yoyote ya kiafya, eti kwa sababu tu mwajiri amebadilika! Viwango vya usalama vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, vya mwaka 2014, vinasema wazi kuwa picha za kazini zisizo na sababu ya kitabibu kwa kawaida hazihalalishwi.

Omba nakala ya picha na ripoti kila mara, uzitunze. Ukifika kwa mkandarasi mpya, mwoneshe daktari kabla hujaingia chumba cha eksirei, umuulize anatafuta nini ambacho picha ya juzi haikuonesha. Na kwa dada zetu: kama kuna uwezekano wa ujauzito, semeni mapema, hata kama hamjaulizwa.