Mzabibu wa Quebec uletwe Goma? Ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata kule

Ndugu wa Goma, umeuliza kama mdogo wako aliye Quebec, kule Kanada, akuletee matawi ya mzabibu wake, ule unaovumilia digrii 30 chini ya ziro, juu unasema Goma nako kuna baridi na tuko karibu mita 1,500. Mimi niko Bukavu sasa lakini nilikaa Sherbrooke, mji wa Quebec, miaka 9 na nyuma ya nyumba nilikuwa na mizabibu sita, kwa hiyo nikujibu kwa urefu, hili jambo liko rohoni mwangu.

Baridi yetu ya Kivu, ile ya kuvaa pulova asubuhi, mzabibu hauihesabu. Kule mwezi wa kwanza udongo unakuwa mgumu kama lava yenu, na mzabibu unasimama miezi mitano bila jani hata moja, ukiutazama utasema hizi ni kuni. Mwaka wa kwanza nilinunua mche wa aina ya Ulaya, muuzaji akaniambia hauna shida, nikapanda vizuri kabisa, mwezi wa tano nikakwarua ganda kwa ukucha nikitafuta kijani, wapi, ndani ni kahawia tupu. Zile aina za Ulaya nyingi macho yake, yaani zile nundu ndogo ambapo tawi linachipukia, yanaanza kufa kwenye digrii 20 na kitu chini ya ziro. Ndiyo maana upande wa Dunham kule kule Quebec wakulima wenye Vidal au Seyval, aina chotara zenye damu ya Ulaya, wanafukia mashina na udongo kabla ya theluji, wengine wanafunika mistari mizima na kitambaa kizito, halafu wanafukua tena ikifika mwezi wa nne. Nimefanya kazi hiyo ya kufukua, polepole na kwa mkono, juu ukivunja macho umepoteza matunda ya mwaka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, alinipa matawi ya mzabibu aina ya Frontenac. Hiyo ilitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1996, na mzazi wake mmoja ni mzabibu wa pori wa Amerika ya Kaskazini, Vitis riparia, unaoota wenyewe kando ya mito. Baadaye nikaongeza Marquette ya 2006, nayo ya Minnesota, ambayo ni mjukuu wa Pinot Noir. Hizi haufukii. Zinabaki nje na baridi yote na zinaamka.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo jibu lako lilipo. Hazivumilii baridi kwa ubishi tu, zinavumilia juu zimejiandaa mapema. Sherbrooke mwezi wa sita mchana unafika urefu wa masaa 15 na nusu, kuanzia mwezi wa nane unapungua haraka, na mzabibu wenye damu ya riparia unasikia ule mchana kupungua kabla baridi yenyewe haijafika. Unaacha kurefuka, tawi linaanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia, linakomaa kama mti. Tawi lililokomaa litapita, tawi la kijani litakufa, ni hivyo tu. Mimi mwaka wa tatu niliona majani yamepauka mwezi wa nane nikaweka mbolea ya kuku, tena nyingi, matawi yakachangamka nikafurahi sana, kumbe nimeyazuia kulala. Baridi ya mwezi wa kumi ikayakuta bado laini. Mwaka uliofuata kilichopona ni kile tu kilichokuwa chini ya theluji, maana theluji ni blanketi, chini yake si kama hewani. Tangu siku ile mbolea naweka mwanzo wa msimu tu, na kila mzabibu naachia mashina mawili, moja likifa lingine linabeba.

Kitu kingine ni mahali pa kupanda. Hewa ya baridi inateremka kama maji ya mvua yanavyoshuka kutoka Kadutu, mtaa wa mlimani hapa Bukavu, inakwenda kukaa bondeni. Marquette yangu niliipanda kwenye kona ya chini ya yadi, na yenyewe ina tabia ya kuamka mapema, ikachomwa na baridi ya usiku mmoja mwezi wa tano wakati Frontenac za juu karibu na ukuta hazikuguswa. Bahati kila jicho lina vichipukizi vitatu, cha kwanza kikifa cha pili kinatoka, ila matunda yanakuwa machache. Ndiyo maana pia hatukati mapema kule, nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi wa tatu nione kwanza kipi kimepona, ndiyo nashika sekateri, ule mkasi wa kukatia matawi.

Basi tuseme umeleta mzabibu huo Goma. Mchana wetu ni masaa 12 hivi mwaka mzima. Kwa mti unaosoma mchana, kila siku ni mwezi wa tisa, unaambiwa lala, halafu baridi ya kuumalizia usingizi haiji. Utarefuka kidogo utasimama, macho mawili yatafunguka huku na mengine yatabaki yamefunga, utahangaika nao miaka. Na mdogo wako akibeba matawi kwenye valizi bila cheti cha afya ya mimea anaweza kutuletea ugonjwa ambao hatuna. Mwambie aache.

Huku kwetu sekateri ndiyo inafanya kazi ya baridi. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, wanakata, mti unaanza upya, ila kule kukavu, sisi mvua inatuua na mildiu, ugonjwa wa ukungu kwenye majani. Mimi hapa Bukavu nina Isabella, zabibu nyeusi yenye harufu kama ya frezi (stroberi), tawi nilipewa na tantine, na inavumilia magonjwa kuliko zile za Ulaya. Nakata mwanzo wa mwezi wa tano ili maua yafunguke kwenye kiangazi, matunda nayakuta mwezi wa tisa mvua ikianza, hapo naweka bashi (turubai) juu. Dawa yangu ni sulfate ya shaba na chokaa, naacha mapema kabla ya kuvuna. Wewe una lava, maji hayatuami, ila vunja jiwe shimo liwe pana ujaze udongo mweusi.

Mwezi wa tano nikikata nitakuwekea matawi kumi ya unene wa kalamu, yatakuja na boti yamefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Ukiyapokea panda siku ile ile, macho mawili chini ya udongo, moja au mawili juu, na usigeuze, upande niliokata mshazari ndio unaenda chini.