Mibuyu tena: na nyie na mbegu zenu!

Wiki hii simu imejaa maswali yenu ya mibuyu tu, maembe yamepumzika. Haya twende.

Nimekula buyu tamu ajabu la jirani hapa Kilifi, nikizika mbegu zake si nitapata utamu ule ule?

Hupati. Nshasema mpaka nimechoka. Ua la mbuyu hufunguka usiku, popo ndo hulichavusha, na mbuyu kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe, kwa hivo kila mbegu mle ndani ina baba usomjua. Wataka utamu ule, omba kijiti cha mti ule ukakipandikize kwa mche. Tena wa kupandikiza waweza kuzaa kwa miaka mitano hivi, wa mbegu utangoja kumi, ishirini, pengine avune mjukuu.

Buyu kubwa ndo zuri?

Kubwa ni kubwa tu. Vunja uone ndani.

Nina mibuyu kumi na nne Takaungu, nataka mmoja wa kutolea miche ya kuuza. Nianzie wapi?

Ahaa, huyu kauliza! Kwanza ipige namba kwa rangi, usitegemee kichwa. Kila msimu hesabu mabuyu ya kila mti, chukua kumi bila kuchagua (mkono hupenda yale makubwa, uzuie), pima buyu zima, livunje, upime ubuyu peke yake bila mbegu wala nyuzi. Ubuyu mara nyingi haufiki hata theluthi ya uzito, kwa hivo mti wenye ganda jembamba na nyuzi chache tayari umekupa faida. Halafu onjesha watu bila kuwaambia ni namba ngapi, kwa sababu ukisema "huu ni ule wa babu" wote watasema mtamu. Na jua wamuuzia nani: mama wa mabuyu ya rangi pale soko la Marikiti, Mombasa, ataka mbegu iliyovaa ubuyu mnene, sukari na rangi ataweka mwenyewe, lakini muuza unga ataka mweupe usio na nyuzi, na Ulaya waliukubali unga huo tangu 2008 kwa hivo soko si la utotoni tu. Msimu mmoja hautoshi, fanya mitatu. Tena mti ulio kando ya zizi la ng'ombe utazaa sana kwa sababu ya mbolea si kwa ukoo wake, ndo maana ile mitatu minne bora utaipandikiza yote kwa kiwanja kimoja uione ikishindana kwa udongo mmoja, kabla hujamuuzia mtu mche hata mmoja.

Na akija mtu na winchi na pesa taslimu akitaka kung'oa mmoja mzima mzima kama walivofanyiwa watu wa Kilifi 2022, mibuyu ikapelekwa nchi ya Georgia, mfukuze. Unaweza kuwa ndo huo mti bora unaoutafuta.

Mbuyu wangu ni dume, niukate?

Hakuna dume. Kila ua lina vyote viwili. Ipo isozaa vizuri, huo usiutolee kijiti, lakini panga liweke chini, chavua yake huenda ndo inayozalisha wa jirani.

Mbegu haioti, huu mwezi wa tatu tangu nipande.

Ganda gumu. Likwaruze na msasa, uloweke usiku kucha.

Ni kweli mbuyu una jini, nisipande karibu na nyumba?

Mche wako wa futi mbili hata paka hapati kivuli, jini atakaa wapi? Ogopa mizizi na msingi wa nyumba, panda mbali.