Umeme wa upepo Uru? Pima mfongo kwanza

Mkuu, umeuliza kama ule mtambo wa upepo wa William Kamkwamba unaweza kuigwa huku Uru. Dogo alikuwa na miaka 14 tu mwaka 2002, ada imeshinda nyumbani kwao Malawi, akaunga dinamo ya baiskeli na feni la trekta mpaka balbu zikawaka. 2007 alikuja hapa Arusha kwenye TEDGlobal kuhadithia. Lakini sisi migomba imetuzunguka, upepo unatupita juu. Tulichonacho ni mteremko na mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga.

Mimi nilijaribu mtambo wa maji kwa baba mdogo, Kibosho. Nilikinga ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 4, yaani lita 5 kwa sekunde. Kimo cha maji kushuka nilipima kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi, nikapata mita 12. Zidisha 5 kwa 12 kwa 9.81 (ya mvutano wa dunia): kama wati 590, za kwenye karatasi. Mtambo wa kuungaunga ukikupa theluthi, shukuru. Taa za LED za nyumba kadhaa, redio na simu zinaenda.

Gurudumu ni rimu ya baiskeli, vikombe nikakata kwenye bomba la plastiki, alternata ya gari, ile inayozalisha umeme, nikaokota skrepa. Alternata inataka mizunguko mingi, kwa hiyo puli kubwa inakaa kwenye gurudumu, ndogo kwenye alternata. Mimi nilianza kinyume. Siku tatu betri haipandi, nalaumu maji.

Betri ndiyo iliyonitoa jasho. Kulikuwa na msiba kwa jirani, kijana mmoja akaichomoa akawashie spika, mtambo unazunguka. Alternata ikiachwa bila betri volti zinaruka. Balbu zote ziliungua kwa mpigo, daiodi za alternata (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) nazo zikafa, tukarudi kwenye koroboi wiki mbili. Sasa betri iko kwenye sanduku la kufuli, ufunguo anao mama mdogo, hata mimi nikifika naomba.

Halafu usisahau kuwa mfongo una wenyewe. Wazee waligoma, wakidhani nayamaliza maji yao. Nikamchukua mzee anayepanga zamu, nikamwonyesha maji yakitoka chini ya gurudumu na kurudi mfongoni yote. Akachovya kidole, akauliza kama hayapigi shoti. Tukakubaliana mchana shamba, usiku taa.

Chujio la maji safisha kila jioni, majani ya migomba hayana huruma. Ukishapima ndoo yako na kimo, weka hapa tukupigie hesabu.